Goma: Jinsi wasafiri wa Masisi na Walikale wanavyokula vizuri kwa makuta kidogo

Saa sita ya mchana inapokaribia, upande wa magharibi wa mji wa Goma, kwenye barabara inayotoka Sake, moshi wa makala unapanda juu ya mabati. Motari wanashusha abiria wenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Chukudu zinapita na magunia ya viazi. Kando ya barabara, chini ya maturubai na ndani ya vibanda vya mbao, akina mama wanafunua sufuria, na mmoja wao anaita: "Papa, karibu, bugali iko moto!"

Anayeitwa mara nyingi ni mtu wa mbali. Ametoka Masisi-centre, Nyabiondo, Kitchanga ao Mweso. Mwingine ametoka mbali zaidi, huko Pinga ao Mubi katika wilaya ya Walikale. Amekuja kuuza gunia la maharagi, kumuona mgonjwa hospitalini, kufuata karatasi ya masomo ya mtoto. Mfukoni ana noti moja ya franka elfu kumi, na noti hiyo inapaswa kumfikisha jioni.

Vijijini watu husema kwamba mji mkubwa unakula makuta ya mgeni kabla mgeni hajala. Kwa sehemu ni kweli. Goma ni mji wenye hoteli za kando ya ziwa ambako bei zinaandikwa kwa dola, na mashirika ya kimataifa yaliyofika kwa miaka mingi ya vita yalisaidia kuzipandisha. Hata hivyo, ni mji huohuo wenye mamia ya vijiko vya kuonja bila kufilisika. Anayejua njia anashiba, anafurahi, na anabakiza makuta ya kurudi nyumbani. Asiyejua analala na njaa huku noti yake imekwisha.

Malewa, restora ya mwenye makuta kidogo

Jina la malewa linatoka Kinshasa, lakini Goma limezoeleka kama jina la nyumbani. Malewa ni restora ndogo, mara nyingi ya mama mmoja na binti zake ao wadogo zake. Haina karatasi ya vyakula. Ina benchi mbili, meza iliyofunikwa na plastiki, bido ya maji ya kunawa mikono, na mambabula yenye kuwaka tangu asubuhi. Chakula kinaonekana kwa macho: mama anafunua sufuria, mteja anatazama na anachagua.

Msingi wa sahani ni bugali. Kuna ya muhogo mtupu, kuna ya mahindi, na kuna ile ya kuchanganya ambayo wakaaji wengi wa Goma wanaipenda. Pembeni inakuja mboga. Kwa Kiswahili cha Kivu, mboga si majani peke yake. Mboga ni chochote kinachosindikiza bugali: sombe, lengalenga, maharagi, sambaza, makayabu, nyama ya ng'ombe ao ya mbuzi. Kwa hiyo mtu wa pwani akiuliza mboga akiwa Goma, anaweza kushangaa kuletewa kipande cha nyama.

Bei inaanzia kwenye mboga hiyo. Bugali na sombe ao maharagi ndiyo sahani ya chini. Ukiongeza sambaza unapanda ngazi moja. Ukitaka nyama ao samaki mkubwa, umepanda ngazi nyingine. Mteja mwenye noti moja anapaswa kujua ngazi hizo kabla ya kukaa. Kuuliza bei si haya. Mama wa malewa amezoea swali hilo, na anamheshimu zaidi mtu anayeuliza mbele kuliko yule anayekula kwanza na kulia baadaye.

Sahani ya Goma inatoka Masisi

Msafiri wa Masisi akitazama vizuri ndani ya sahani, anakutana na shamba lake. Viazi vinatoka kwenye vilima vyake. Maharagi pia, pamoja na mahindi na mashu. Nyama ya ng'ombe inatoka kwenye malisho ya juu, kule ambako miinuko na baridi viliwafaa wafugaji tangu zamani za ukoloni. Hata makala yanayopika chakula hicho, sehemu yake imeshuka kwa barabara ileile.

Na kuna fromaji. Utengenezaji wa fromaji ya Masisi ulianzishwa na mapadri wa Ulaya katika miaka ya 1970. Ni fromaji ya mviringo, ya rangi ya manjano hafifu, inayofanana na gouda ya Uholanzi. Leo inauzwa Goma katika maduka na barabarani, na jina la Masisi linajulikana mbali kwa sababu yake. Kwa mwenye makuta kidogo, kipande cha fromaji, mkate na kikombe cha chai ni chakula cha asubuhi ambacho mgeni wa hoteli kubwa angelipa mara kadhaa zaidi kwa ladha ileile.

Walikale nayo ina sehemu yake. Wilaya hiyo ina eneo la kilometa za mraba 23,475, ni kusema ndiyo kubwa kuliko wilaya zote sita za Kivu ya Kaskazini. Huko ni nchi ya msitu na joto. Muhogo, ndizi, mchele na mafuta ya mawese hukubali vizuri. Sombe iliyopikwa na mawese ndiyo inayomkumbusha mtu wa Walikale kwao, hata kama amekaa kwenye benchi ya Ndosho.

Kile ambacho Masisi na Walikale hazina ni sambaza. Samaki huyo mdogo si wa asili katika ziwa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaana, na leo ndiye samaki wa maskini na wa tajiri pia. Wavuvi wanamtafuta usiku kwa mwanga wa taa. Ndiyo maana anayejua kula kwa makuta kidogo anatazama pia mwezi: usiku wa giza sambaza wanafuata taa na mavuno ni mengi, lakini mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa unapoteza nguvu, samaki wanapungua na bei inapanda. Msafiri anayefika Goma wakati wa giza, akapita asubuhi soko la Kituku kwenye ukingo wa ziwa, anakuta sambaza wangali wanang'aa. Sambaza wa kukaanga, wenye pilipili na ndimu, ni starehe ambayo haihitaji dola.

Noti moja, siku nzima

Wachuuzi wanaopanda na kushuka kati ya Masisi na Goma kila juma wana kanuni zao. Hakuna aliyeziandika, lakini zinafanana kutoka kwa mtu hadi mtu.

Kwanza, gawa noti kabla ya kuivunja. Mzoefu anaikata kichwani mafungu matatu: fungu dogo la asubuhi, fungu kubwa la mchana, na fungu la mwisho la jioni ao la dharura. Chai na mandazi mawili, ao chapati na maharagi, vinatosha kufungua siku. Nguvu yote inawekwa kwenye sahani ya saa sita.

Pili, fika mapema. Malewa inapika kwa ajili ya mchana. Kati ya saa sita na saa saba chakula ni cha moto, kijiko cha mama bado ni kikubwa, na mboga za kuchagua ni nyingi. Anayefika saa tisa anakuta mabaki, na mara nyingi analipa sawa na aliyetangulia.

Tatu, tafuta mahali ambapo motari, wabeba mizigo na wanafunzi wanajaa. Watu hawa wana njaa kubwa na makuta madogo. Hawarudi mahali wanapoibiwa, wala mahali panapoumiza tumbo. Benchi iliyojaa saa sita ni ushahidi kuliko maneno ya mwenye restora.

Ine, kula kwa kikundi. Wachuuzi watatu wanaotoka kijiji kimoja wanaweza kuagiza bugali kubwa moja na mboga mbili tofauti, kila mmoja akaonja sombe na samaki pia, huku kila mmoja akilipa karibu na bei ya sombe peke yake. Ndivyo watu wanavyokula nyumbani, kwa sinia moja, na hakuna sababu ya kuacha desturi hiyo mjini.

Tano, usiwaache wauzaji wa jioni. Giza likiingia, mambabula yanahamia kando ya barabara: mahindi ya kuchoma, ndizi za kukaanga, mayai, brosheti za mbuzi. Brosheti moja na ndizi mbili ni chakula cha jioni cha kutosha kwa mtu aliyekula vizuri mchana. Lakini anayeanza na michopo na chupa ya bia, fungu lake la dharura linayeyuka kabla ya saa mbili. Na aliyeamua kuua njaa kwa kanyanga amenunua njaa ya kesho.

Bei inabaki, sahani inapungua

Kuna jambo ambalo mgeni hulitambua akirudi mara ya pili ao ya tatu. Anakaa kwenye benchi ileile, analipa makuta yaleyale, lakini bugali imekuwa ndogo. Maharagi yamekuwa na mchuzi mwingi. Kipande cha nyama kimekonda.

Mama wa malewa hajawa mwizi. Amefanya hesabu. Wateja wake wanakuja na noti ileile, kwa sababu mishahara na mapato yao hayajapanda. Akipandisha bei, wanavuka barabara na kwenda kwa jirani. Kwa hiyo bei inabaki mahali pake na kijiko ndicho kinachopungua. Katika malewa, habari za barabara zinasomwa kwenye sahani kabla ya kusikika kwenye redio.

Goma ilisoma habari hizo waziwazi mwezi wa pili mwaka wa 2024. Mapigano yalifika pembeni ya Sake, mji mdogo ulio karibu kilometa 25 magharibi mwa Goma. Sake ndiyo njia panda: barabara moja inapanda Masisi, nyingine inateremka Minova na kuelekea Bukavu. Njia hiyo ilipozibwa, viazi na maharagi vya Masisi vilikosa pa kupita na bei zikapanda katika masoko ya Goma. Wakati huohuo, mamia ya maelfu ya watu waliokimbia vijiji vya Masisi na Rutshuru walikuwa wamejaa katika kambi zilizozunguka mji, kama Bulengo na Lushagala. Wakulima waliokuwa wakiilisha Goma walikuwa sasa wanangoja kulishwa Goma.

Mambo hayakuishia hapo. Rubaya, mji wa machimbo ya coltan katika wilaya ya Masisi, ulianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa ine 2024. Masisi-centre ikafuata mwanzoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Goma yenyewe mwishoni mwa mwezi huohuo. Tarehe 19 mwezi wa tatu, waasi waliingia Walikale-centre, kisha wakatoka mwanzoni mwa mwezi wa ine. Kila moja ya tarehe hizo ilikuwa na maana yake kwenye benchi ya malewa: gunia ambalo halikufika, mteja ambaye hakuonekana tena, mama aliyefunga kibanda na kukimbia na sufuria zake.

Hata siku ambazo bunduki zimenyamaza, barabara haiko bure. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2017 na watafiti wa IPIS wa Ubelgiji pamoja na wenzao wa Denmark ulihesabu vizuizi 798 kwenye barabara za Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Vingine vilikuwa vya vikundi vya silaha, vingi vya watumishi wa serikali. Kwenye kila kizuizi gunia linaacha kitu. Mwenye gunia anakiongeza kwenye bei ya Goma, mama wa malewa anakilipa, na mwishowe ni mteja wa sombe anayekitoa tumboni mwake. Msafiri wa Masisi analipa kizuizi mara mbili: kwanza akipita na mzigo wake, tena akila chakula kilichopita nyuma yake.

Walikale, pale chakula kilipobebwa mgongoni

Mtu wa Walikale halii sana na bei za Goma. Anayajua mabaya zaidi. Kwa miaka mingi, barabara kati ya Masisi na Walikale ilikuwa mbovu kiasi kwamba magari hayakupita, na bidhaa za Goma zilifika kwa ndege ndogo. Kule Kilambo, kipande cha barabara chenyewe kiligeuzwa kuwa uwanja wa ndege. Ndege zilishuka na sabuni, chumvi, sukari na bia, zikapanda na kasiterite.

Kasiterite hiyo ilitoka Bisie, mlima wa msituni ambako watu walianza kuchimba mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maelfu ya watu waliishi huko juu bila barabara. Wabeba mizigo walitembea karibu siku mbili kati ya Bisie na Njingala, wengi wakiwa na kilo 50 mgongoni. Kilichoshuka kilikuwa mawe, kilichopanda kilikuwa chakula: mchele, maharagi, unga, chupa za bia. Ndiyo sababu sahani ya bugali pale mlimani iligharimu mara nyingi zaidi kuliko Goma. Mchimbaji aliyepata makuta asubuhi aliyaacha kwenye sufuria jioni, na wengi walirudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka.

Leo Bisie ni machimbo ya kampuni ya Alphamin, iliyoanza kutoa bati mwaka wa 2019. Mwezi wa tatu 2025, vita vilipokaribia, kampuni ilisimamisha kazi, ikaanza tena polepole mwezi uliofuata. Kazi ya machimbo ikisimama, wauzaji wa chakula wa eneo hilo pia wanakosa wateja.

Fundisho la Walikale ni rahisi, na wasafiri wake wanakuja nalo mjini: kula kinachopatikana karibu. Kule kwao, chupa ya bia na kopo la nyanya ni vitu vya ndege, lakini sombe, ndizi, mchele wa shamba na samaki wa mito kama Lowa na Oso ni vitu vya miguu, na bei yake inafuata. Hali ni hiyohiyo Goma. Kuku wa barafu na mchele wa kutoka Asia vimepita mipaka na dola. Maharagi na viazi vimepita Sake tu, njia ikiwa wazi.

Kuna chakula kimoja cha karibu ambacho hakifai, hata kikiwa cha bei ndogo. Sehemu ya chini ya hifadhi ya Kahuzi-Biega inaingia Walikale, na humo mna sokwe na wanyama wengine wanaolindwa na sheria. Anayetolewa nyama ya pori isiyo na jina anapaswa kukataa. Faini na ugonjwa vinaweza kugharimu kuliko ng'ombe mzima.

Makuta yenyewe yalipopotea

Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, banki za Goma zilifunga milango, na uwanja wa ndege pia ulifungwa. Watu waliokuwa na akiba waliiona kwenye karatasi bila kuweza kuigusa. Noti zilizobaki mjini zilipita mkono hadi mkono mpaka zikachakaa. Wengi waligeukia simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Lakini kugeuza makuta ya simu kuwa noti kulidai kamisheni kubwa, kwa sababu noti ndizo zilizokosekana.

Kwa anayekula kwa makuta kidogo, jambo hili lina maana ya kila siku. Wenye malewa wengi wanapokea malipo ya simu, na ni vizuri kuuliza kabla ya kukaa. Kulipa moja kwa moja kwa simu kunamwokoa mteja na kamisheni ya kutoa noti. Noti ndogo za franka 500 na 1,000 zinafaa kutunzwa kama dawa, kwa sababu aliye na noti ya elfu ishirini anaweza kukosa wa kumvunjia. Dola yenye mpasuko mdogo inakataliwa karibu kila mahali, hata kama ni ya kweli kabisa, na mgeni wa kijijini ndiye anayesukumiwa. Aikague kabla ya kuipokea.

Tena kuna kaye. Malewa nyingi zina daftari ndogo iliyofungwa kwa raba, yenye majina na mistari. Motari anakula leo na kulipa jumamosi. Mwalimu anakula na kungoja mshahara. Kaye hiyo ni banki ya mtaa ambayo haikufungwa, lakini mama ndiye anayeibeba hatari yake peke yake. Mteja akihama ao akikimbia vita, jina linabaki na mstari wake. Msafiri asiyejulikana haingii kwenye kaye. Anayerudi kila juma kwenye benchi moja, akilipa vizuri, ipo siku barabara itamnyima mauzo na ataandikwa humo bila kuomba mara mbili.

Tumbo salama ni akiba

Chakula cha bei ndogo kinachompeleka mtu hospitalini si cha bei ndogo. Goma ni mji ulio kando ya maji mengi lakini wenye mabomba machache, na wakaaji wengi huchota maji ziwani. Kipindupindu hakijawahi kuhama kabisa katika eneo hili. Mwaka wa 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi waliofurika Goma, na tangu wakati huo kinarudi mara kwa mara, zaidi pale watu wanapohamahama.

Kwa hiyo mwenye kujua anatazama mambo machache kabla ya kunawa mikono. Je, bido ya maji ina sabuni pembeni? Sahani zinaoshwa kwa maji ya kubadilishwa ao kwa beseni moja tangu asubuhi? Sufuria iko juu ya moto ao imewekwa chini, imezungukwa na nzi? Chakula cha moto kinachotoka jikoni mbele ya macho ni salama kuliko saladi nzuri iliyooshwa kwa maji yasiyojulikana. Na maji ya kunywa yawe ya chupa, ya kuchemsha ao yaliyotiwa dawa. Mama mwenye malewa safi hakasiriki akiulizwa. Anajivuna kujibu.

Starehe si dhambi

Kuna wakati mtu hataki kushiba tu, anataka kufurahi. Mauzo yamekwenda vizuri, ao mtoto amepata diploma, ao familia imekutana tena baada ya miezi ya kukimbia. Goma ina mahali pa siku hiyo. Kwenye mitaa ya kando ya ziwa kama Himbi, bustani za hoteli zinateremka mpaka majini, na jioni jua linazama nyuma ya vilima.

Wazoefu wanaingia huko kwa akili. Wanakula kwanza malewa, wakashiba. Kisha wanakwenda ziwani kununua kinywaji kimoja na utulivu wa saa mbili. Ao wanaagiza samaki mmoja mkubwa kwa watu wane, pamoja na ndizi za kukaanga, na wanauliza bei ya samaki huyo kwa franka kabla hajaingia motoni. Wanauliza pia kama bei ya dola inageuzwa kwa kiwango cha barabarani ao kwa kiwango cha nyumba, kwa sababu tofauti hiyo inaweza kuwa sawa na nauli ya motari ya kurudi.

Anayependa kitu cha nyumbani zaidi anatafuta kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye vibanda vya mitaa, pamoja na nyama ya mbuzi ya michopo inayokatwa mbele yake na kuchomwa na vitunguu. Hapo makuta kidogo yanafika mbali, na mazungumzo yanafika mbali zaidi: nani amerudi kijijini, shamba gani limelimwa, njia ipi imefunguka.

Maana kila mazungumzo ya malewa yanaishia barabarani. Mkulima wa Nyabiondo anataka ifunguke ili maharagi yake yasioze gunia likiwa limefungwa. Motari anataka abiria. Mchuuzi wa Mubi anahesabu siku za safari na vizuizi vyake. Na mama aliyeshika kijiko, ambaye huenda naye ni mtu wa Masisi aliyekuja mjini na watoto na sufuria moja, anataka gunia lishuke bei ili arudishe kile kipande cha bugali alichokipunguza.

Saa tisa, benchi zinabaki tupu. Mama anakwangua sufuria, anahesabu noti zilizochakaa, anaongeza mstari mmoja kwenye kaye. Kando ya barabara, msafiri aliyeshiba anapanda pikipiki kuelekea Sake, na mfukoni mwake bado lipo fungu la tatu la ile noti ya elfu kumi.